Vumbi la Bisil na cheni ya bodaboda: Mafuta yapi yafaa?

HAKUNA sehemu ya pikipiki inayoteswa na vumbi la Bisil kama cheni. Injini ina kichujio chake cha hewa, breki ya nyuma imefichwa ndani ya ngoma yake, na dereva mwenyewe hujifunga leso puani. Cheni peke yake ndiyo huzunguka wazi kutwa nzima, pembeni mwa gurudumu lile lile linalotimua vumbi, tena ikiwa imepakwa mafuta. Na vumbi hupenda mafuta kama nzi apendavyo maziwa.

Mji wa Bisil, katika Kaunti ya Kajiado, umekaa juu ya barabara kuu ya lami inayotoka Nairobi, ikapitia Kitengela, Isinya na Kajiado mjini, kisha ikaelekea mpakani Namanga. Lakini riziki ya mhudumu wa bodaboda wa hapa haiko juu ya lami pekee. Sehemu kubwa ya wateja wake hukaa mbali na barabara hiyo, ndani ya nyanda za Matapato, ambako njia ni za udongo, mchanga wa mito mikavu na changarawe. Asubuhi atakimbia kwenye lami sambamba na malori ya masafa marefu. Adhuhuri atakuwa akivuka korongo lisilo na daraja akielekea upande wa Meto. Jioni atarejea na mbuzi wawili nyuma yake, au mitungi ya maji.

Hesabu ya mitungi hiyo ni rahisi. Mtungi mmoja wa lita 20 una uzani wa kilo 20 za maji. Minne ni kilo 80, ambazo ni sawa na abiria mzima, ila abiria huyu humwagika. Matone yake huosha mafuta yaliyokuwa kwenye cheni na kuacha udongo wenye majimaji mahali pake. Nguvu yote ya kuusukuma mzigo huo kupandisha mwinuko hupitia katika cheni isiyozidi upana wa kidole.

Ndiyo maana suala la mafuta ya cheni, linaloonekana dogo mtu anapokuwa amekaa kivulini, si dogo kwa anayelitegemea. Ukame wa kati ya 2020 na 2023 uliangamiza mifugo wengi wa Kajiado, na kwa familia iliyobakiwa na wachache, pikipiki si chombo cha anasa. Mara nyingi ni ng'ombe waliouzwa, au ni mkopo ambao bado unalipwa. Tena kuna ile siku ambayo abiria ni mama mwenye uchungu wa uzazi, usiku, na kituo cha afya kiko mbali. Cheni ikikatika hapo, hasara haihesabiwi kwa shilingi.

Kabla ya kuulizana ni mafuta gani yanayofaa, inafaa kwanza kujua yanakwenda kulainisha nini. Hapo ndipo wengi hukosea, na kosa hilo huzaa mengine yote.

Cheni inayotumika kwenye pikipiki leo ni uvumbuzi wa zamani. Hans Renold, mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi mjini Manchester, Uingereza, ndiye aliyeipatia hataza mwaka wa 1880, wakati pikipiki za petroli zilikuwa bado hazijaundwa. Baiskeli ziliichukua mapema, zikiwemo zile zilizovusha watu na mizigo mpakani Busia na kuzaa jina bodaboda. Tangu wakati huo umbo lake halijabadilika sana.

Ukiitazama cheni kutoka nje utaona mabamba ya chuma na vigurudumu vidogo viitwavyo rola. Vigurudumu hivyo ndivyo vinavyokalia meno ya sproketi, yaani yale magurudumu mawili ya meno, dogo lililo kwenye injini na kubwa lililo nyuma. Lakini kazi ngumu haifanyiki hapo panapoonekana. Ndani ya kila rola kuna mrija mfupi uitwao bushi, na ndani ya bushi kuna pini. Kila kiungo kinapopinda kuingia kwenye sproketi na kunyooka kinapotoka, pini hujipindua ndani ya bushi huku ikivutwa kwa nguvu yote ya injini. Huko ndani, gizani, ndiko chuma hukwaruzana na chuma.

Kwa hivyo husemwa kwamba cheni "imevutika", ilhali chuma chenyewe hakijavutika hata kidogo. Kilichotokea ni kwamba pini zimelika na matundu ya bushi yamepanuka. Cheni ya pikipiki ndogo huwa na viungo zaidi ya 100. Tuseme vipo 118, na kila pini pamoja na bushi yake vimelika kwa jumla ya sehemu moja ya kumi ya milimita, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Zidisha kwa viungo vyote: cheni imerefuka kwa karibu milimita 12. Fundi ataivuta nyuma ekseli ya gurudumu na kuikaza, na juma lijalo itakuwa imelegea tena.

Mafuta yana manufaa pale tu yanapofika kati ya pini na bushi. Yanayobaki nje, juu ya mabamba, huzuia kutu kidogo, lakini yakiwa mengi huwa ni gundi ya kunasa vumbi. Mchanga mwingi ni punje za kwatzi, madini magumu yanayoweza kukwaruza chuma cha kawaida bila taabu. Punje hizo zikichanganyika na mafuta mazito, kinachopatikana ni uji wa kusagia, unaofanana kabisa na ule ambao mafundi wa injini hununua kwa makusudi ili kulainishia vali. Tofauti ni kwamba fundi huusafisha anapomaliza. Kwenye cheni huachwa ufanye kazi mchana na usiku.

Basi cheni inayong'aa kwa weusi, iliyojaa mafuta hadi yakadondoka, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo iliyotunzwa, mara nyingi ndiyo inayosagika upesi zaidi katika mji kama Bisil.

Tuanze na yale yanayopatikana bure. Katika karibu kila gereji ya jua kali kuna kopo la oili chafu, ile iliyomwagwa kutoka kwenye injini. Mhudumu huomba kidogo, akaimimina juu ya cheni, akaendelea na safari. Ni desturi iliyoenea mno, na haina budi kutendewa haki: cheni iliyopakwa oili chafu ni afadhali kuliko cheni kavu inayolia kama panya. Hata hivyo oili hiyo ilitolewa kwenye injini kwa sababu. Imebeba masizi, vipande vidogo mno vya chuma kilicholika, na asidi zinazotokana na kuungua kwa petroli. Imekwisha kuchoka. Kuitia kwenye cheni ni kuchukua uchafu ambao injini imeukataa na kuupeleka mahali ambapo hakuna hata kichujio.

Kuna pia mikono ya mtumiaji. Oili ya injini iliyotumika ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi kwa mtu anayeigusa mara kwa mara kwa miaka mingi, na mhudumu anayepaka cheni kwa vidole kila siku ni mtu wa aina hiyo. Isitoshe, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 nchini Kenya ziliihesabu oili chafu miongoni mwa taka hatari. Kuimimina cheni ikiwa juu ya mchanga, mahali ambapo mbuzi watapita na mvua itashuka, si jambo la kupuuzwa katika eneo ambalo maji ni ya shida.

Grisi ndiyo chaguo la pili kwa umaarufu, na kwa vumbi la Bisil ndilo chaguo baya zaidi. Hoja ya wanaoipenda ni kwamba inakaa. Ni kweli inakaa, lakini inakaa nje. Grisi ni nzito mno kupenya katika upenyo mwembamba ulio kati ya bamba na bamba, hivyo pini hubaki kavu huku mwili wa cheni ukivaa koti nene linalokusanya kila punje ya mchanga. Waendesha pikipiki wa Uingereza wa vizazi vilivyopita walijua jambo hili. Walikuwa wakiivua cheni, wakaiosha, kisha wakaichovya katika bati la grisi iliyoyeyushwa kwa moto ili iingie ndani ingali majimaji, halafu wakaipangusa nje yote. Mbinu hiyo hufanya kazi, lakini inataka muda na uangalifu wa moto, na kijana anayedaiwa fedha za siku na mwenye pikipiki hana muda wa kupika cheni.

Oili mpya ya injini hupenya vizuri. Tatizo lake ni wepesi: cheni ikizunguka kwa kasi ya lami huirusha ikaishia kwenye rimu, kwenye ubavu wa tairi na kwenye suruali ya abiria. Anayeitumia italazimu aipake karibu kila siku, na kidogo sana.

Yapo makopo ya kupulizia yaliyotengenezwa mahsusi kwa cheni. Mengi yana kiyeyusho chepesi kinachoyabeba mafuta hadi ndani na kisha kuyeyuka hewani, na kuacha utando mzito unaonata. Kwa anayeendesha lami tupu ni kitu kizuri. Kwa anayechepuka kuingia vumbini, ule unataji ndio kasoro. Zipo aina za nta ambazo hukauka na hazikamati vumbi sana, lakini huoshwa upesi na maji, na bei yake kwa ujazo hailingani na pato la bodaboda. Lile kopo la buluu na njano la WD-40 lisichanganywe na haya. Lilibuniwa kufukuza unyevu, ni zuri kwa kulegeza nati iliyoshika kutu na kusafishia, lakini utando unaobaki ni mwembamba mno kuihudumia cheni iliyobeba mbuzi.

Dizeli na mafuta ya taa navyo hupakwa na baadhi ya watu kama mafuta ya cheni. Hivyo ni vya kuoshea. Cheni iliyooshwa kwa mafuta ya taa ikaachwa hivyo hivyo huwa safi, kimya kwa kilomita chache, na kavu. Ama mafuta ya kupikia, ambayo mtu aliyekwama porini huenda akaomba nyumbani kwa mwenyeji, yanaweza kumfikisha mjini, lakini yasiachwe humo. Yakipigwa na hewa na joto hugeuka kuwa utomvu unaoshika viungo visipinde.

Linalobaki ni lile ambalo vitabu vya maelekezo vya pikipiki nyingi ndogo hulitaja, vile vitabu vinavyobaki ndani ya nailoni yake tangu siku ya kununua: oili ya gia, ya daraja la SAE 80 au 90. Huuzwa kwenye maduka ya spea na vituo vya petroli kwa ajili ya gia na difu za magari. Ni nzito kuliko oili ya injini, hivyo haikimbii upesi; ni nyepesi kuliko grisi, hivyo huingia ndani. Imetengenezwa kwa kazi inayofanana na hii, ya chuma kinachosukuma chuma kwa nguvu kubwa. Lita moja, ikitumiwa kwa matone badala ya kumiminwa, hudumu muda mrefu sana, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na seti ya cheni pamoja na sproketi mbili.

Lakini oili ya gia nayo, ikiachwa imelowa nje, hunasa vumbi sawa na nyingine yoyote. Kwa njia za Bisil, kitambaa kina thamani sawa na chupa ya oili. Mafuta hutiwa ili yaingie, kisha yaliyobaki nje hupanguswa hadi cheni ionekane kama haikupakwa kitu. Ukiipitishia kidole, kidole kitoke na alama hafifu tu ya unyevu. Wahudumu wengi hawataki kuamini hatua hii, kwa kuwa inaonekana kama kutupa kile kilichonunuliwa.

Wakati mzuri wa kazi hii ni jioni, pikipiki inaporejea. Cheni ingali na joto la safari, oili hulegea na kupenya kwa wepesi, na usiku kucha hupata nafasi ya kutulia ndani na kiyeyusho, ikiwa kipo, kuyeyuka. Anayepaka asubuhi na kuondoka papo hapo huipaka barabara kuliko cheni.

Pikipiki huwekwa juu ya stendi ya katikati, gia ikiwa huru na injini ikiwa imezimwa. Ikiwa cheni ina tope kavu au uji mweusi, husuguliwa kwanza kwa brashi ndogo, hata mswaki uliozeeka, uliochovywa katika mafuta ya taa, kisha hupanguswa hadi ikauke. Petroli isitumiwe, inawaka kwa cheche moja, na huharibu mpira. Halafu gurudumu la nyuma huzungushwa polepole kwa mkono kwa kurudi nyuma, na oili hudondoshwa upande wa ndani wa cheni ya chini, ule unaoelekea gurudumu. Sababu ya kuchagua upande wa ndani ni kwamba cheni inapozunguka hurusha mafuta kuelekea nje, kwa hivyo yaliyotiwa ndani hupita katika viungo yakielekea nje, badala ya kurukia hewani moja kwa moja. Tone moja kwenye ukingo wa bamba la kulia, tone moja kwenye la kushoto. Chupa ndogo yenye ncha nyembamba, kama zile za sosi hotelini, inatosha. Baada ya dakika chache kitambaa hufuata.

Kuhusu injini kuzimwa, lazima isisitizwe, maana ipo desturi nyingine mbaya kuliko oili chafu. Ili kuokoa muda, mtu huwasha injini, akatia gia ya kwanza pikipiki ikiwa juu ya stendi, kisha akashika kitambaa dhidi ya cheni inayojizungusha yenyewe. Kitambaa hunaswa, na vidole hukifuata hadi kati ya cheni na sproketi. Hakuna muda wa kuvitoa. Visa vya watu kupoteza vidole kwa namna hii vimetokea kila mahali duniani penye pikipiki, na si kwa wanagenzi tu. Gurudumu huzungushwa kwa mkono, nao mkono wa pili hukaa mbali na meno.

Je, ni mara ngapi? Maelekezo mengi ya watengenezaji hutaja takriban kila kilomita 500, yakiwa yamefikiria barabara ya kawaida. Anayekwenda kilomita 100 kwa siku hufikia kiasi hicho kwa siku tano. Kwa njia zenye vumbi jingi ni heri kupunguza hadi kilomita 300 au hata chini ya hapo, kwa kiasi kidogo zaidi kila mara. Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kipimo si kilomita tena. Kila siku ambayo pikipiki imevuka maji, cheni hukaushwa na kupakwa usiku uo huo, kwa sababu kutu huanza kabla ya kupambazuka. Kati ya mhudumu anayetumia oili ya kawaida kila siku ya tatu na yule mwenye kopo ghali analolikumbuka mara moja kwa mwezi, cheni ya wa kwanza itaishi zaidi.

Mwenzake wa Kitengela ana shida ya namna nyingine. Huko safari nyingi ni fupi, za mjini, na adui mkubwa si vumbi tu bali ule udongo mweusi wa mfinyanzi wa nyanda za Kaputiei, ambao mvua ikinyesha hushikamana na gurudumu hadi likakataa kuzunguka. Udongo huo huingia kwenye cheni ukiwa tope na kukaukia humo kama saruji. Kwake, kuosha ndiko kazi kubwa, na mafuta huja baadaye. Akiwa hatoki kwenye lami, anaweza kutumia kopo la kupulizia bila kujuta. Mtu wa Bisil asiige kwa kuwa tu ameliona likitumiwa mjini.

Kuna kifaa kimoja ambacho hupunguza kazi hii yote na ambacho watu hukitupa. Baadhi ya pikipiki ndogo zinazouzwa Afrika Mashariki huja na kifuniko kamili cha bati kinachoizingira cheni yote, juu na chini. Wengi hukivua, ama kwa sababu kimepondeka na kinapiga kelele, ama kwa sababu kinamchelewesha fundi wa pancha. Kuvua kifuniko hicho katika eneo la vumbi ni kama kuondoa kichujio cha hewa ili injini ipumue vizuri. Kikiwa kizima na kimefungwa sawasawa, huzuia mchanga na tope, na mafuta hudumu zaidi. Kilichopondeka kinaweza kunyooshwa kwa nyundo. Kifuniko kina kitundu chenye kizibo cha mpira cha kuchungulia na kutilia oili, kwa hivyo hata kisingizio cha kukagua hakina nguvu.

Ng'ambo vipo vifaa vya kudondosha oili vyenyewe pikipiki inapotembea. Scottoiler ya Scotland, kwa mfano, hutumia mvuto wa hewa ya injini kufungua njia ya oili na kuifunga injini inapozimwa. Wazo ni zuri, na wasafiri wa masafa marefu hulisifu. Kwa bodaboda, chupa ya oili, kitambaa na kifuniko kizima hufanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi.

Kabla ya kununua cheni mpya, inafaa pia kuuliza ni ya aina gani. Cheni za kawaida hazina kizuizi chochote kati ya mabamba. Zipo nyingine zenye pete ndogo za mpira kila upande wa kiungo, zilizofungia grisi ya kiwandani ndani, pale pini na bushi zinapokutana. Hizi hustahimili vumbi kwa muda mrefu zaidi, na mafuta ya nje hutiwa ili kulinda mpira na rola tu. Ni ghali, nazo huharibiwa na petroli, brashi ya waya na maji ya shinikizo ya wale wanaoosha magari kando ya barabara. Anayeweza kumudu bei yake na kuacha mazoea hayo atapata faida.

Hakuna mafuta yanayofufua cheni iliyokwisha. Nyingi za pikipiki hizi hutumia cheni ya namba 428, ambayo umbali wake kutoka pini hadi pini ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Pima viungo 20 ikiwa imevutwa ikanyooka, kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 21. Ikiwa mpya, urefu huo ni milimita 254. Ukifika 259, cheni imerefuka kwa asilimia mbili na muda wake umekwisha. Asiye na rula anaweza kuishika cheni pale nyuma kabisa ya sproketi kubwa na kuivuta nje. Ikiacha nusu ya jino wazi, jibu limepatikana. Meno yaliyopinda ncha kama ndoana nayo husema vivyo hivyo. Hapo hubadilishwa vyote vitatu, cheni na sproketi mbili, kwani sproketi iliyolika huimaliza cheni mpya kabla haijazoea njia.

Wengine huahirisha kwa kuondoa kiungo kimoja ili cheni ifupike. Hilo haliongezi chuma kilichokwisha kulika. Cheni dhaifu ikikatika kwenye kasi ya lami inaweza kujikunja kwenye sproketi ya mbele, ikapasua kava la injini au kulifunga gurudumu la nyuma ghafla, mbele ya lori. Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zinamruhusu mhudumu abiria mmoja, na anayebeba watatu huku cheni ikiwa na kiungo kilichoondolewa amejumlisha hatari mbili.

Kukaza kupita kiasi nako ni kosa. Cheni ya chini, katikati ya sproketi mbili, inatakiwa iwe na mchezo wa juu na chini. Miongozo ya pikipiki nyingi ndogo hutaja kati ya milimita 20 na 35, na kila moja ina kipimo chake. Zungusha gurudumu na upime pale cheni inapokaza zaidi, kwa sababu hailiki kwa usawa. Iliyokazwa kama waya wa ua hukata inapobebeshwa mzigo, na kabla ya kukatika huwa imekwisha kuiumiza beringi ya gia ndani ya injini.

La mwisho ni klipu, kile kijibati kidogo kinachofunga kiungo cha kuungia. Ina upande uliozibwa na upande ulio wazi. Upande uliozibwa ndio hutangulia kuelekea uendako cheni, ili ikigongwa na jiwe au kijiti isichomoke. Huangaliwa kila jioni wakati wa kupangusa, maana klipu iliyojaa uji mweusi inaweza kuwa imekwisha kutoka na mtu asijue. Kiungo cha akiba pamoja na klipu yake hutoshea katika mfuko wa shati, na kwenye njia ya Meto, mahali pasipo duka la spea, huweza kumrudisha mtu nyumbani.